Sayyid Barghash na waya wa mwaka 1879

  

Ndugu Waislamu, vijana wetu wa hapa Kikwajuni wanaosoma kompyuta hutuuliza mara kwa mara iwapo mambo ya mtandao, ulinzi wa taarifa na sheria ya faragha yana asili yoyote katika historia yetu, au ni mambo mageni yaliyotushukia juzi. Jawabu tunaipata katika maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana na kila mtoto wa Unguja, Sayyid Barghash bin Said. Wengi humjua kwa Beit al-Ajaib na kwa maji aliyoyaleta mjini kutoka chemchemi za shamba. Sisi leo tunataka kumtazama kwa upande wa barua zake.

Alizaliwa mnamo mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan. Baba yao alipofariki mwaka 1856, ufalme wa Unguja ulikwenda kwa Sayyid Majid, na Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 akapanga kumpindua ndugu yake. Njama za namna hiyo haziendi ila kwa maandishi, na kuwaandikia watu wazima wa mji na wakubwa wa mashamba kulihitaji mkono wa kuaminika. Mkono huo ulikuwa wa dada yake, Bi Salme, msichana wa miaka 15, ambaye alijifundisha kuandika kwa siri katika zama ambazo mabinti wa nyumba ya kifalme walifundishwa kusoma tu. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa njama ile.

Siri haikudumu. Watu waliokuwa wakiijua walikuwa wengi mno, na habari zikamfikia Sayyid Majid. Nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Akatoroka kwa kuvaa mavazi ya kike, akipita kati ya dada zake, Bi Khole na Bi Salme, pamoja na wafuasi wao, akaenda kujifungia katika shamba lililoitwa Marseilles. Majid akasaidiwa na wanamaji wa Kiingereza. Barghash akashindwa, akajisalimisha, akapelekwa Bombay, na huko akakaa takriban miaka miwili. Tunadhani, na hii ni rai yetu, kwamba ni Bombay alikoona kwa macho yake bandari yenye reli, matbaa na simu za waya, na hamu ya vitu hivyo haikumtoka tena.

Alikalia kiti mwezi wa Oktoba 1870. Mengi ya utawala wake tunayapita haraka: kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa, ambao aliutia saini kwa kulazimishwa na manowari na si kwa kupenda, na safari yake ya Uingereza mwaka 1875. Matbaa yake ilichapa vitabu vya dini, kikiwemo Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fiqhi ya Kiibadhi. Lakini kwa mada yetu, mwaka ulio mkubwa ni 1879.

Katika mwezi wa Januari mwaka huo, jeshi la Kiingereza lilipigwa vibaya na Wazulu huko Isandlwana, na habari zikachukua wiki kadhaa kufika London. Ndipo serikali yao ikaona haja ya waya wa baharini. Kampuni ya Kiingereza ikatandika waya kutoka Durban kupitia Msumbiji na Unguja hadi Aden, ambako uliungana na nyaya zinazokwenda Ulaya na Bara Hindi. Kabla mwaka haujamalizika, Unguja ilikuwa imeungwa na dunia. Sayyid Barghash aliipa kampuni hiyo kisiwa cha Bawe kiwe kituo chake. Waya wenyewe ulikuwa uzi wa shaba uliovikwa ulimbo wa mti na kuzungushiwa nyaya za chuma. Hata neno letu simu, kwa asili, ni neno la Kifursi lenye maana ya waya.

Hapa tunawaomba vijana wasome taratibu. Barua ya zamani ilifungwa kwa lakiri, na aliyeibeba katika jahazi hakuwa na haja ya kujua kilichomo. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, alipotaka kuwaandikia wafalme, alijulishwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri, naye akatengeneza pete ya fedha ya kupigia muhuri. Simu ya waya iliiondoa lakiri hiyo. Karani hawezi kupeleka neno asilolisoma. Hulitazama, akaligeuza kuwa mapigo ya umeme, na karani wa Aden akayasoma mapigo hayo na kuyapeleka mbele. Kwa hiyo kila neno la Sultani lilipita mbele ya macho ya waajiriwa wa kampuni ya kigeni, kituo baada ya kituo. Haikuhitaji mwizi wala mpelelezi. Ndivyo chombo chenyewe kilivyofanya kazi.

Serikali za Ulaya zililijua hilo, na mabalozi wao walikuwa na vitabu vya fumbo, hivi kwamba karani alipitisha maneno au tarakimu asizozifahamu. Huo ndio usimbaji ambao leo vijana wanausoma darasani. Ujumbe unaotoka katika simu ya mkononi pale Kikwajuni hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikiandikwa anuani ya kinakokwenda, na vipande hivyo hupita katika mitambo mingi ambayo mwenye ujumbe hamiliki hata mmoja. Tangu mwaka 2009 na 2010 nyaya mpya za baharini, za nuru badala ya umeme, zimefika Dar es Salaam, na hizo nazo zina wenyewe. Usimbaji huficha yaliyomo, ila hauifuti anuani. Karani asiyefahamu fumbo bado anajua nani amemwandikia nani, saa ngapi, na mara ngapi, na mwenye akili hujenga mengi juu ya hayo.

Turudi kwa Sayyid. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alizunguka bara akikusanya mikataba kwa machifu, na Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzihami ardhi hizo. Habari zilipomfikia Sayyid Barghash mwezi wa Aprili, alifanya kile ambacho mtawala wa Unguja wa miaka kumi nyuma asingeweza kukifanya: alimpelekea Kaizari malalamiko yake kwa simu. Waya ukafanya kazi yake kwa uaminifu. Lakini kwa waya huo huo Balozi wa Kiingereza, John Kirk, aliyekuwa rafiki na mshauri wa Sultani, akapokea maagizo ya London asimuunge mkono dhidi ya Wajerumani. Sultani mwenye kisiwa cha kituo alikuwa mteja wa waya tu. Waliopanga hatima yake walizungumza juu ya kichwa chake, wakipita katika bahari yake.

Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri, na Sayyid akakubali. Kwa meli ya Adler aliyekuwemo ni Bi Salme, yule katibu wa mwaka 1859, ambaye sasa alikuwa mjane wa Kijerumani aliyekuja kudai haki zake za mirathi. Kaka yake hakukubali kumpokea. Mwaka uliofuata kitabu chake kikachapwa Ujerumani, na ndani yake mna habari za njama ile, barua zake na kutoroka kwa Barghash kwa mavazi ya kike, hali mwenyewe yungali hai. Sisi hatumlaumu sana Bi Salme, maana alidhulumika na alikuwa na watoto wa kulea. Lakini wanafunzi wa ulinzi wa taarifa wajue kwamba siri nyingi hutoka kwa yule aliyeaminiwa kuziandika.

Je, Sayyid angeweza kushitaki popote? Dini yake ilimpa haki hiyo. Sura ya Hujurat inakataza kupelelezana, na Sura ya Nur inaharamisha kuingia nyumba ya mtu bila ya idhini. Abu Dawud amepokea onyo kali kwa anayetazama barua ya mwenziwe bila ya ruhusa, ingawa wanavyuoni, naye Abu Dawud akiwa wa mwanzo, wameeleza udhaifu wa isnadi yake. Sheria ya dola iliyomfunga karani wa Aden, hata hivyo, haikuwa ya Unguja. Kwetu sisi hali ni nyengine. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inayahifadhi mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze anazikusanyia nini, asizidishe haja, azilinde, na ampe mwenyewe nafasi ya kuziona na kuzisahihisha. Imeweka pia masharti kwa taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Skuli, zahanati na madrasa zetu zenye madaftari ya majina ya watoto nazo zimo katika maana hiyo, na hapo tunajisemea wenyewe kwanza.

Mwezi wa Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana mipaka ya nchi za Sultani, wakamwachia visiwa na ukanda wa maili kumi wa pwani. Tume iliyochunguza mipaka hiyo haikuwa na mjumbe wake. Afya yake ikadhoofika. Akasafiri Oman kutafuta nafuu, akarejea Unguja, na mwezi wa Machi 1888 akafariki, akiwa na umri wa kiasi cha miaka 50. Anayetaka kumzuru na atoke Kikwajuni, akate Mnazi Mmoja, apite Vuga hadi baharini. Amelala katika makaburi ya kifalme yaliyo karibu na kasri, ukutani mwa pwani ile ile inayotazama Bawe. Mwenyezi Mungu amsamehe na amrehemu.