Hans Berger: Daktari aliyenasa umeme wa ubongo

JUBA – Katika maeneo ya Maridi na Mundri, jimboni Ikweta Magharibi, Sudan Kusini, wapo wazazi wanaomwona mtoto akiinamisha kichwa tena na tena mbele ya sahani ya chakula, kana kwamba anasinzia. Vipimo vya umeme wa ubongo, maarufu kama EEG, walivyofanyiwa watoto wenye dalili kama hizo kaskazini mwa Uganda vilionyesha kuwa huko si kusinzia bali ni kifafa. Kipimo hicho ni urithi wa daktari Mjerumani, Hans Berger.

Berger alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 karibu na mji wa Coburg. Akiwa kijana katika mafunzo ya kijeshi, alianguka kutoka juu ya farasi na kunusurika kukanyagwa na magurudumu ya mzinga. Siku hiyohiyo alipokea telegramu kutoka kwa baba yake: dada yake, aliyekuwa mbali, alikuwa ameshikwa na hofu ya ghafla kwamba nduguye yumo hatarini. Berger aliamini kuwa fikra zake zilimfikia dada yake. Aliacha azma ya kuwa mwanafalaki, akasomea udaktari ili aitafute nguvu inayobeba fikra.

Nguvu hiyo hakuipata kamwe. Hata hivyo, tarehe 6 Julai 1924, mjini Jena, alinasa kwa mara ya kwanza umeme hafifu wa ubongo wa binadamu, kutoka kwa kijana wa miaka 17. Alisita kwa miaka mitano kabla ya kuchapisha matokeo yake mwaka 1929. Wengi walimpuuza, hadi mwaka 1934 wataalamu wa Cambridge, Edgar Adrian na Bryan Matthews, walipomthibitisha.

Maisha yake yana doa pia. Sheria ya Wanazi ya mwaka 1933 iliruhusu watu wenye kifafa kilichodhaniwa kuwa cha kurithi wafungwe uzazi kwa lazima. Nyaraka zinaonyesha kuwa Berger alihudumu katika mahakama iliyosikiliza kesi hizo. Hivyo, aliyewapa wagonjwa wa kifafa chombo cha kuutambua ugonjwa wao alishiriki pia katika mfumo uliowanyima haki ya kuzaa. Alistaafu mwaka 1938, akaugua sonona, na tarehe 1 Juni 1941 akajiua.

Mwaka 1968, mwanafizikia David Cohen alipima nchini Marekani nguvu ya sumaku inayotokana na mawimbi yaleyale ya Berger. Mitambo iliyofuata ilihitaji kupozwa kwa heliamu ya kimiminika, na mgonjwa alilazimika kutulia tuli. Leo vipo vihisio vidogo vyenye mvuke wa atomi za rubidi: mwanga wa leza hupita ndani yake, na sumaku ya ubongo huubadilisha mwanga huo. Mwaka 2018, watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa vinaweza kuvaliwa kichwani huku mtu akijongea, jambo linalowafaa hasa watoto.

Vihisio hivyo bado huhitaji chumba kilichokingwa dhidi ya sumaku ya nje, na gharama yake ni kubwa. Kwa mtoto wa Maridi, kipimo kilichoanzia Jena miaka 100 iliyopita ndicho kilicho karibu zaidi, pamoja na dawa za kifafa zinazopaswa kumezwa kila siku bila kukosa.