Louis Pasteur na Chakula cha Kuku

Louis Pasteur alizaliwa mwaka 1822 katika mji wa Dole, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi, wala hakuwa tajiri, lakini alitaka sana mwanawe apate elimu. Louis akasoma kwa bidii, akawa mwalimu wa kemia. Mwaka 1868 alipooza upande wa kushoto, wala hakuiacha kazi yake.

Siku zile palikuwa na ugonjwa ulioitwa kipindupindu cha kuku. Kuku aliyeshikwa nao husinzia, mabawa yake hulegea, manyoya yake husimama, na mara nyingi hufa upesi. Uwanja uliojaa kuku uliweza kubaki mtupu kwa siku chache.

Mwaka 1879 Pasteur aliwakuza wadudu wa ugonjwa huo katika mchuzi wa kuku. Ni wadogo mno, hawaonekani ila kwa hadubini. Akatia matone machache ya mchuzi ule juu ya mkate na nyama, akawapa kuku. Wakala, wakaugua, wakafa. Na katika kinyesi chao wakaonekana wadudu wale wale. Ndipo alipoijua njia ya mauti: kuku mgonjwa huchafua ardhi, na wenziwe hudonoa chakula papo hapo.

Akaona na jambo jingine la ajabu. Simbilisi, mnyama mdogo asiye na mkia, akitiwa wadudu wale hupata jipu tu, naye huonekana mzima. Lakini jipu likipasuka na usaha wake ukaanguka juu ya chakula cha kuku, kuku hufa.

Basi Pasteur akafundisha kwamba kuku watengwe siku chache, kinyesi kiondolewe, na uwanja uoshwe kwa maji mengi.

Kisha akatambua kwamba wadudu waliokaa muda mrefu katika mchuzi hupungua nguvu. Kuku waliochomwa sindano ya wadudu hao dhaifu waliugua kidogo, wakapona. Na baadaye, walipotiwa wadudu wakali, hawakufa. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1880. Kwa njia iliyofanana na hiyo aliwakinga kondoo na kimeta mwaka 1881, na mwaka 1885 akamwokoa mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa.

Pasteur alifariki mwaka 1895. Wadudu wa kipindupindu cha kuku waliitwa Pasteurella kwa kumheshimu.

Ewe msomaji, ukiwamwagia kuku wako nafaka, tazama kwanza unaimwaga wapi. Chombo kisafi na uwanja uliofagiwa ni kazi ya dakika chache. Bali wadudu wasioonekana huweza kulimaliza banda zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.