SHAABAN ROBERT NA NDUGU WA HADITHI ZAKE

Sisi tuliokulia vilima vya Tarime tunawafahamu nyani barabara. Wengi wetu tumekwisha kuamshwa alfajiri kwenda kuwawinga mashambani mahindi yanapokomaa. Lakini nyani wawili nitakaowataja hapa hawakuiba mahindi. Waliketi mezani pa liwali, wakala chakula kizuri pamoja naye, na usiku wakachapwa mijeledi na mwenyeji wao huyo huyo, naye akilia. Aliyewabuni ni Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Wazazi wake walikuwa Wayao, naye alikuwa Mwislamu, hata jina lake la pili limewashangaza watu wengi. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akafaulu vizuri, kisha akaingia kazi ya ukarani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya mpaka 1944. Baadaye alihamia Idara ya Wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji. Mtu huyu, tunayemwita mfalme wa lugha, riziki yake ya kila siku ilikuwa kuandika mambo ya wakubwa wengine, na ya kwake aliyaandika baada ya kazi.

Siku hizi vijana hupenda hadithi za watu wanaovushwa ghafla mpaka karne nyingine. Shaaban hakuwa na chombo cha kuvuka nyakati, ila njia ya kututoa katika dunia hii aliijua. Kusadikika, iliyotoka 1951, mwaka ule ule Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa, ni habari ya nchi inayoning'inia angani. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali na mbinguni na ardhini, wakarudi na mema, nao wakatiwa gerezani. Kumbukeni kwamba mwandishi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Neno ambalo karani asingeweza kulisema ofisini, Karama alilisema barazani mbele ya mfalme.

Mimi lakini napenda zaidi Adili na Nduguze, ya mwaka 1952. Adili alikuwa na kaka wawili, Hasidi na Mwivu. Walipotapanya mali yao, aliwapa sehemu ya mali yake. Wakasafiri pamoja baharini. Njiani Adili aliingia katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, kana kwamba saa ilikatika na siku isiendelee tena. Aliyebaki hai ni msichana mmoja, Mwelekevu. Adili alipomchukua, kaka zake walishikwa na wivu, wakamtupa baharini usiku. Aliyemwokoa ni Huria, binti wa kijini, ambaye Adili aliwahi kumsaidia. Huria alitaka kuwaua wale wawili. Adili akawaombea. Basi wakageuzwa nyani, na Adili akaamriwa awachape kila usiku.

Hapo ndipo hadithi inaponishika. Katika koo zetu, ugomvi wa ndugu juu ya ng'ombe wa marehemu baba si jambo geni, Tarime wala Mugumu. Twajua namna ya kulipiza. Adili anaadhibu kwa sababu ameamriwa, huku analisha na kulia, hata mfalme Rai akapata habari, na mwishowe wale wawili wakarudishiwa umbo la binadamu. Kiini cha hadithi kimetoka katika Alfu Lela Ulela, ila huko ndugu hawakupona hivyo. Msamaha huo ni wa Shaaban.

Na yeye mwenyewe alikuwa ndugu wa namna gani? Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958 zilihifadhiwa na baadaye zikapigwa chapa kuwa kitabu. Miaka ishirini na saba ya barua! Sijui wangapi kati yetu tunaolala bweni tumewaandikia wadogo zetu hata mara moja muhula huu. Alifiwa na mkewe Amina, akamwombolezea kwa shairi. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili.

Alipewa tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE. Alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Vibambani. Kufikirika, aliyokuwa ameiandika tangu 1946, haikutoka mpaka yeye alipokwisha kufa.

Nakala ya Adili iliyoko maktaba yetu haina jalada tena. Kurasa za mwanzo ni safi. Zilizochakaa kwa vidole ni zile za nyani.