Jamaa Aliyeajiri Kuvu Kulinda Ngano

Ukikuta mkate umeota ukungu, wewe hufanya nini? Si unautupa tu na kununua mwingine. Sasa kuna mzee mmoja, alikufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, ambaye pengine angekuomba huo mkate auchunguze kwanza. Jina lake Élie Metchnikoff. Wanaomjua humtaja kwa Tuzo ya Nobel ya 1908, na kwa kuwasifia watu maziwa lala. Mimi leo nataka nikupe ile stori inayorukwa, ya shamba la ngano.

Alizaliwa 1845 katika kijiji karibu na Kharkiv, huko ambako leo ni Ukraine, enzi hizo ikiwa chini ya mfalme wa Urusi. Masomo kwake yalikuwa mchezo. Kozi ya chuo kikuu ya miaka minne aliimaliza kwa miwili, na akiwa na miaka 22 alikuwa tayari mwalimu katika chuo kikuu cha Odessa. Nikisoma hapo huwa nacheka peke yangu. Yeye kwa miaka miwili alimaliza digrii. Mimi kwa miaka miwili nilimaliza karo ya mamangu, nikaenda nyumbani.

Lakini usimwonee wivu haraka. 1869 alimuoa Ludmila, msichana aliyekuwa mgonjwa sana wa kifua kikuu, hadi siku ya harusi alibebwa kwa kiti kuingia kanisani. Miaka minne baadaye Ludmila akafariki kisiwani Madeira. Metchnikoff alivunjika kabisa, akajaribu kujitoa uhai. Alipona. Inasimuliwa kwamba siku hizo, akiwa Geneva usiku, aliona wadudu wakizunguka taa, wale ambao wakishapata mbawa huishi muda mfupi tu bila hata kula. Akaanza kujiuliza viumbe wa aina hiyo wanaendeleaje kuwepo duniani. Swali hilo likamrudisha kazini. Weka hapo alama: mdudu ndiye aliyemvuta kutoka gizani.

Sasa twende shambani. Odessa ilikuwa bandari kubwa ya nafaka, na ngano ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watu wa eneo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kukawa na janga la mbawakavu wa ngano, mdudu mwenye mbawa ngumu anayekula punje zikiwa bado laini. Watoto wake, yaani funza, hukaa udongoni wakitafuna mizizi. Kwa hivyo mkulima anapigwa juu na chini.

Metchnikoff hakukimbilia sumu. Aliokota funza, akagundua kuna waliokufa kwa ugonjwa na miili yao kufunikwa na unga wa kijani. Ule unga ulikuwa mbegu za kuvu. Akachukua udongo, akauchanganya na hizo mbegu, akaweka funza wazima ndani. Nao wakaugua, wakafa, wakageuka kijani vilevile.

Hebu fikiria jinsi kuvu hii inavyoua. Mdudu hahitaji kuila. Mbegu inanata kwenye ngozi yake, inaota, inatoboa ngozi na kuingia ndani, kisha inajilisha huko. Baada ya siku kadhaa mdudu amekwisha, na kukiwa na unyevu kuvu inachomoza nje na kutoa mbegu nyingine za kumsubiri jirani yake. Maze, hiyo ni filamu ya kutisha, ila safari hii mkulima ndiye anayeshangilia.

1879 alichapisha matokeo yake. Wazo lake lilikuwa rahisi kusema: tuikuze hii kuvu kwa wingi, tuimwage shambani, iwasambazie wadudu ugonjwa. Alifikiria hata kuikuza kwa kutumia kimea kinachopikwa kutengeneza pombe. 1884 mwenzake Isaak Krassilstschik akafungua kiwanda kidogo katika mji wa Smila, akitengeneza mbegu za kuvu hiyo ili kupigana na fukusi wa mabiti ya sukari.

Je, njaa iliisha? Hapana. Kuvu haina haraka kama sumu, na inapenda unyevu. Jua likiwa kali inaweza kukuangusha. Metchnikoff mwenyewe aliachana na kazi hiyo. 1881 mfalme aliuawa, siasa zikaingia chuoni, naye akazama tena kwenye huzuni na kujaribu kujiua mara ya pili. 1882 akajiuzulu. Na kabla hujanakili hiyo hatua, jua kwamba mkewe wa pili, Olga, alikuwa amerithi mali. Wewe na mimi landlord hatatusikiza.

Wakahamia Messina, Italia, kwa muda. Huko alichukua kitoto cha kiti cha pweza, kiumbe wa baharini ambaye mwili wake unaonyesha hadi ndani kama kioo, akakichoma kwa miiba ya waridi. Asubuhi akakuta seli zimeizingira miiba. Kumbe mwili una askari wake! Kisha akarudia rafiki yake wa zamani, kuvu. Alitazama kidudu cha majini kiitwacho dafnia kikivamiwa na kuvu, na seli za damu zikizimeza mbegu zake. Seli zikishinda, kidudu kinaishi. Zikizidiwa, kinakufa. Madaktari wengi walimpinga, naye mwenyewe hakuwa daktari. Mwishowe kazi hiyo ndiyo iliyompa Nobel, pamoja na Paul Ehrlich. Alifariki Paris 1916.

Na ile kuvu ya kijani? Leo inaitwa Metarhizium, na watafiti wa ICIPE pale Kasarani wamechagua aina zake zinazotengenezwa kuwa dawa ya kunyunyizia wadudu, vidukari wakiwemo. Vidukari nao wana maadui wao wa asili: kuna kuvu zinazowaua juu ya jani la ngano bila mtu kuwaita. Mkulima wa Narok akimwaga sumu ovyo ovyo, anaweza kuwaua hao wafanyakazi wa bure pia.

Kwa hivyo ukiwa na kazi uliyoiacha katikati na unaona aibu kuitaja, mkumbuke huyu mzee. Ile ya ngano aliiacha ikionekana imefeli, na bado iko shambani hadi leo. Na usiku ukiwa mzito kama ule wake wa Geneva, usikae peke yako, pigia mtu simu. Yeye alipata wadudu kwenye taa. Wewe una watu.