Ibn Sina na Mwana wa Mfalme Aliyekataa Kula

Mwezi huu mtukufu mazungumzo ya chakula hayaishi majumbani mwetu. Mchana ni futari itakuwa nini, usiku ni nani ataamka kupika daku. Lakini wako vijana, wa kike na wa kiume, ambao chakula kwao ni vita. Kuna anayejinyima hata magharibi ikishaadhiniwa, na kuna anayekula kwa siri mpaka ashindwe kupumua, kisha aende kujitapisha. Sisi tukiona twasema ana madeko, ama imani yake ndogo. Hebu kabla hujamsema, soma kwanza habari za tabibu huyu.

Jina lake ni Abu Ali al-Husayn bin Abdallah bin Sina. Alizaliwa mwaka 980 (370 Hijria) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, mji ambao leo uko Uzbekistan. Alipofika miaka 10 alikuwa amekwisha hifadhi Qur'ani. Akasoma fiqhi, hesabu na mantiki, na alipokuwa na miaka 16 matabibu waliomzidi umri walikuwa wakija kusoma kwake. Mwaka mmoja baadaye aliitwa kusaidia kumtibu Amiri Nuh bin Mansur, mtawala wa Bukhara. Wajua aliomba nini? Ruhusa ya kuingia maktaba ya amiri.

Usidhani maisha yalimnyookea. Babake alifariki, dola ya Bukhara ikaanguka, naye akawa mtu wa kuhamahama: Gurganj, Jurjan, Rayy, Hamadan, Isfahan. Hamadan alifanywa waziri, na baadaye akafungwa ngomeni kama miezi 4. Pamoja na hayo yote kalamu hakuiweka chini. Aliandika al-Qanun, kitabu cha tiba chenye juzuu 5, ambacho baadaye kilifasiriwa kwa Kilatini na kusomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa.

Sasa sikiliza vizuri. Katika kitabu hicho Ibn Sina anataja mambo 6 ambayo afya ya mwanadamu huyategemea: hewa, chakula na kinywaji, harakati na mapumziko ya mwili, harakati za nafsi, usingizi na kuwa macho, na vile mwili unavyotoa uchafu ama kuuzuia. Harakati za nafsi ndizo hizi hofu, hasira, huzuni na furaha. Ameziweka safu moja na chakula, kwa sababu kwake yeye moyo na tumbo ni majirani.

Kuna kisa chake mashuhuri kilichoandikwa na Nidhami Arudhi wa Samarkand katika karne ya 12, zaidi ya miaka 100 baada ya Ibn Sina kufa. Mmoja katika wana wa wafalme wa Buya alipatwa na huzuni nzito, akaamini kuwa yeye ni ng'ombe. Akawa analia kama ng'ombe, ataka achinjwe nyama yake ipikwe harisa, chakula cha ngano na nyama ambacho ni ndugu ya bokoboko letu. Kula akakataa kabisa, akakonda, matabibu wakashindwa.

Ibn Sina hakumkemea. Alituma habari kwamba mchinjaji yuwaja, na mgonjwa akafurahi. Kisha akaingia na kisu mkononi, akaamuru afungwe na kulazwa, akampapasa mbavu kama wafanyavyo wachinjaji. Akasema ng'ombe huyu amekonda mno, hafai, alishwe kwanza anenepe. Basi yule mgonjwa akaanza kula kila alicholetewa, na dawa zikitiwa humo humo. Baada ya mwezi mmoja akili yake ilirudi.

Maradhi ya kijana yule si sawasawa na haya ya vijana wetu, wala mimi sikwambii umfanyie mgonjwa wako hila ya kisu. Zingatia mpango wa tabibu: alianza na kile mgonjwa alichokiamini, na wakati huo huo akahakikisha chakula chaingia mwilini.

Madaktari wa leo wanakwenda njia hiyo hiyo. Mwaka 1873 daktari William Gull wa London aliyapa jina maradhi ya kujinyima chakula, na tangu hapo mengi yamejulikana. Aghlabu nyuma ya sahani iliyoachwa kuna hofu ya kunenepa, aibu ya kuchekwa umbo, ama huzuni isiyosemwa. Na njaa yenyewe huiharibu nafsi. Huko Marekani mwaka 1944 na 1945 wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi, na wengi wakawa wenye huzuni na hasira, mawazo yao yote ni chakula tu. Ndiyo maana matibabu hushika pande mbili: kumrudisha mgonjwa kwenye mlo taratibu chini ya daktari, na kumfundisha kuzikabili hisia zake. Kwa vijana wadogo, wazazi huingizwa katika matibabu, wakae na mtoto wao kila mlo, bila matusi wala kejeli.

Kwa hivyo mzazi, ukiona mwanao anakonda, anajificha kula ama kukimbilia chooni kila baada ya mlo, mpeleke hospitali mapema. Haya ni maradhi yanayoua. Nawe kijana unayeumia kimya kimya, mwambie mtu unayemwamini leo hii. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Muulize daktari, kisha muulize sheikh, wala usione haya kuichukua rukhsa ya Mola wako.

Ibn Sina mwenyewe alikufa kwa maradhi ya tumbo, huko Hamadan, mwezi wa Ramadhan mwaka 428 Hijria (1037). Yasimuliwa kwamba alipojua ajali imekaribia aliwaacha huru watumwa wake, akatoa sadaka kwa mafakiri, akawa akihitimu Qur'ani kila siku 3. Mwenyezi Mungu amrehemu, awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi ndimi laini kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.