Chico Mendes, Mgema Mpira

Katika nchi ya Brazil, Amerika ya Kusini, liko jimbo la Acre, lenye msitu mkubwa. Humo, karibu na mji wa Xapuri, Chico Mendes alizaliwa mwaka 1944. Baba yake alikuwa mgema mpira, naye mtoto akaanza kazi hiyo akiwa na miaka 9. Alfajiri mgema huenda mti kwa mti, akichanja gome kidogo na kukinga utomvu. Na mti uliochanjwa vema haufi, bali hutoa tena miaka mingi.

Shule hapakuwa, kwa maana mabwana wa mpira hawakutaka wagema wajue hesabu, wasije wakatambua jinsi walivyopunjwa. Chico alikuwa kijana alipofundishwa kusoma na mtu mmoja aliyekimbilia msituni kwa ajili ya siasa.

Katika miaka ya 1970 walikuja matajiri wenye ng'ombe, wakaununua msitu, wakaukata na kuuchoma wapate malisho. Wagema wengi wakafukuzwa. Basi Chico na wenzake, wake kwa waume pamoja na watoto, wakasimama mbele ya wakataji na kuwasihi waache. Mara nyingine walishinda. Mara nyingine walipigwa na kufungwa.

Hata mwaka 1985 wagema walikutana Brasília, wakaomba jambo jipya: serikali itenge misitu iwe mali ya taifa, na wakaao humo wapewe haki ya kuuza mpira na kokwa zake pasipo kuiharibu. Wenyeji wa asili, waliokuwa wakigombana nao tangu zamani, wakapatana nao.

Chico alitishwa mara nyingi, walakini hakukimbia. Tarehe 22 Desemba 1988 alipigwa bunduki nyumbani kwake, akafa akiwa na miaka 44. Tajiri mmoja wa ng'ombe na mwanawe wakahukumiwa kifungo kwa mauaji hayo mwaka 1990.

Mwaka ule ule serikali ikatenga hektari 970,000 hivi kwa jina lake. Lakini bei ya mpira ilikuwa imeshuka, na baadhi ya wagema wakaanza kufuga ng'ombe. Kwa hiyo mwaka 1999 jimbo la Acre likatunga sheria, nayo ikaitwa kwa jina la Chico, ya kuwaongezea wagema fedha kwa kila kilo ya mpira. Maana msitu hulindwa na mtu aupataye mkate wake katika mti ulio hai.