Sakawa wa Kisii na Mizani ya Habari

Kwa watu wa Kisii na Nyamira, jina la Sakawa halihitaji maelezo. Lakini wengi wa wasomaji wetu wa pwani huenda hawajapata kulisikia, nami nataka kuwaeleza habari zake, kwani mna funzo linalotuhusu hata sisi.

Sakawa alikuwa mtu wa Nyakoe, kaskazini ya mji wa Kisii wa leo, katika karne ya 19. Alikuwa mwaguzi, mtu wa kuendewa kwa shauri. Wazee humtaja pia katika vita vya Saosao vya miaka ya 1890, Wakisii walipowashinda Wakipsigis. Kisha, yasemekana, mwaka 1902 alitoweka. Hakuonekana maiti wala kaburi, na watu wakashikilia kwamba hakufa, atarudi.

Ajabu yake kubwa ni hii. Yasimuliwa kwamba, kabla Mzungu hajakanyaga pale, Sakawa alisimama Getembe akaonyesha kwa mkono: hapa patajengwa hospitali, pale gereza, kule kambi ya polisi. Waingereza walifungua boma lao hapo mwaka 1907, na hadi leo Wakisii huuita mji huo Bosongo, yaani kwa Wazungu.

Mimi nimesoma chuoni, na tuliyofunzwa kuhusu habari ni kuuliza sanadi: nani kasema, kasikia kwa nani, na huyo alimwona mwenye habari? Imamu Bukhari, yasemekana, alipitia Hadithi zipatazo 600,000, na zilizomo katika Sahihi yake ni 7,000 na kitu, pamoja na zilizokaririwa. Hizo nyingine hakuziacha kwa uhaba wa imani.

Basi tuipime habari ya Sakawa. Iliandikwa baada ya hospitali na gereza kusimama. Utabiri unaoandikwa baada ya jambo kutokea hauna shahidi. Aliyekwisha kuiona nyumba hashindwi kusema kidole kilielekea wapi. Ama kujua kwamba Wazungu waja, hilo halikuhitaji muujiza. Waingereza walikuwa Mumias tangu mwaka 1894, na reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mtu mwenye masikio, aendewaye na watu wa kila upande, angeweza kulijua hilo akiwa kwake Nyakoe.

Tena yako yasiyotimia, nayo hayasimuliwi sana. Mwaka 1913 ilizuka kwa Wajaluo dini ya Mumbo, ikaingia Kisii, na jina la Sakawa likachanganywa nayo. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, Waingereza wakaondoka. Waliokuwa wakiungoja utabiri wakaona siku imefika, Mzungu amekwenda zake moja kwa moja. Watu wakapora maofisi na maduka. Waingereza wakarudi, na adhabu ikawa kali, ng'ombe wakatwaliwa. Sakawa mwenyewe hakurudi.

Sisemi haya kumvunjia mzee huyo heshima. Yasemwa pia kwamba aliwausia vijana wasipigane na Wazungu. Mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa Northcote, askari waliua watu wengi na kuchoma nyumba. Ikiwa kweli Sakawa aliusia hivyo, hiyo ni busara ya mtu aliyejua nguvu ya bunduki, nayo yatosha kumpa jina bila ya kuongezewa kidole cha Getembe.

Najua msomaji wa pwani atatikisa kichwa na kusema hayo ni mambo ya bara. Basi na tutazame nyumbani. Mangapi tumesimuliwa juu ya shehe aliyevuka bahari kwa msala, au aliyeonekana Makka na Lamu siku moja? Dini yetu yakubali karama za mawalii. Lakini kukubali kwamba Mwenyezi Mungu aweza si kukubali kwamba kila kinachosemwa kimetokea. Anayemdai Mkisii sanadi ya Sakawa, naye aitoe ya shehe wake.

Na wala si mchezo. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto kwa kushukiwa uchawi. Ulimi unaopokea miujiza bila kuuliza ndio huo huo unaopokea uchawi bila kuuliza. Kuuliza nani kaona hakupunguzi imani ya mtu, na pengine kungaliwaokoa wale wazee.